FUNGU LA KUMI LA MLIMAJI

Somo: Walawi 19:9-10, Kumbukumbu la Torati 24:19-22, Ruta 2



Watu wanatuuliza: mlimaji aliyeokoka akingojea msaada wa serikali, si amekosa imani? Tuone Neno.

Mungu hakuwaachia maskini wa Israeli maombi peke yake. Aliweka sheria. Mwenye shamba asivune mpaka pembeni, na mganda aliousahau asiurudie. Sehemu ile ilikuwa ya mgeni, yatima na mjane. Ruta aliokota masuke kwa haki iliyoandikwa katika Torati, na aliinama toka asubuhi mpaka jioni. Kumbe msaada na jasho vinatembea pamoja!

Leo mataifa mengine yanafanya hivyo kwa feza. Huko India, tangu mwaka 2019, serikali inapatia jamaa za walimaji rupia 6000 kwa mwaka, mara tatu, rupia 2000 kila mara, moja kwa moja kwenye konti ya benki. Si nyingi, lakini inanunua mbegu. Ila angalieni nani anabaki inje: yule anayelima shamba la mwengine, maana jina lake haliko kwenye karatasi za udongo. Wapendwa, Ruta hakuwa na shamba! Sheria ya Mungu ilianza na yule asiye na kitu. Na kati yetu, ni wangapi wanaolima udongo usio wao?

Mwaka 2003, huko Maputo, wakubwa wa inchi za Afrika waliahidi kuweka angalau asilimia 10 ya bajeti katika kilimo na maendeleo ya vijiji. Kumi kwa mia! Sisi wa kanisa tunajua jina lake: fungu la kumi. Tunahubiri Malaki 3 kwa waamini kila mwezi; tusiogope kuwakumbusha wakubwa ahadi yao, kwa heshima, pasipo matusi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuwaombee wakubwa, kama 1 Timoteo 2 inavyotufundisha.

Pili, tusidanganywe. Mtu akiomba feza ili aandike jina lako kwenye orodha ya msaada, usitoe hata franka moja. Uliza kwanza kwa chifu.

Tatu, siku orodha ya kweli itakapofika, sisi wachungaji na mashemasi tusitie jamaa zetu mbele ya mjane.

Nne, wenye mashamba kati yetu wasingojee Kinshasa. Boazi aliambia watumishi wake waangushe masuke makusudi, ili Ruta apate zaidi ya ile sehemu ya sheria. Mavuno haya, mjane anayelima udongo wako akikuletea sehemu yako, mrudishie kidogo. Hapo ndipo imani yetu itaonekana.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu. Amina.