Kabati la Vitabu Lisiwe na Kufuli

(Maneno ya mwanachama wetu wa Dar es Salaam katika hafla ya harambee ya mwaka)



Kwa kazi mimi ni mhasibu, lakini mliowahi kufika kwangu mnajua kwamba sebule imeliwa na vitabu. Ninazo riwaya za Kiswahili zaidi ya mia tatu, nyingi nimezinunua mojamoja kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza barabarani maeneo ya Posta. Mwenyekiti ameniomba nieleze kwa nini chama kinachochangia madawati na vyoo vya shule kifikirie pia riwaya. Nitasema kwa kifupi, maana harufu ya pilau imeshafika hapa.

Nianze na majirani zetu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, waliopendana huku ndugu wakiwasema kwa kukosa mtoto. Hakupata wa kuichapa kwa lugha hiyo. Uzeeni akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Hebu fikirini: miaka 35 kazi ile ilikuwa makaratasi tu. Mchwa, paa linalovuja, au mtu anayetafuta cha kuwashia moto, na tungeikosa. Humo mna jinsi watu wa Ziwa walivyooana, walivyolima, walivyotibiana, na jinsi mume alivyokwenda ukweni kuomba mke wake arudi. Mzee wa Nyalikungu akisomewa atacheka, maana mengi anayajua.

Kisiwa hichohicho kilimtoa Euphrase Kezilahabi, aliyetupa Rosa Mistika mwaka 1971, na Gabriel Ruhumbika, ambaye mbali na riwaya zake ndiye aliyetafsiri kazi ya Kitereza kwa Kiingereza. Sisi Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini, na bibi zetu walitusimulia mpaka moto ukazimika. Lakini anayeandika huanza kwa kusoma. Mtoto ambaye hajawahi kushika riwaya atajuaje kwamba na ya Nyalikungu yanaandikika?

Sasa niseme kama mhasibu. Katika shule zaidi ya moja nimeona kabati la vitabu lenye kufuli. Vitabu vimegongwa muhuri na kuingizwa kwenye daftari la mali. Mkaguzi akija anavikuta vyote, tena vipya kabisa. Simlaumu mwalimu: anajua kikipotea atadaiwa yeye. Kwa hiyo anafunga, na hesabu zinakaa sawa. Ila kitabu kisichosomwa ni sawa na jembe lililokaa ndani msimu mzima wa pamba. Kwenye hesabu lipo, shambani halipo.

Kwa hiyo naomba chumba cha kusomea tunachokichangia leo kiwe na mambo matatu. Kwanza, mbali na fedha za rafu na vitabu, tutenge kila mwaka fungu la vitabu vitakavyopotea na kuchakaa. Tukikadiria kimoja kati ya kumi, tunakirudishia bila kumdai mwalimu hata senti. Gari tunalihesabia uchakavu, kwa nini kitabu tusikihesabie? Pili, daftari la kuazima lishikwe na wanafunzi wenyewe chini ya mwalimu. Tatu, kwenye mkutano mkuu tusisomewe vitabu vingapi vimebaki tu, bali vimeazimwa mara ngapi. Kitabu kilichochanika jalada kwa kupita mikono hamsini kimerudisha fedha yetu.

Kwa upande wangu natoa riwaya 120. Zimo ambazo leo ni vigumu kuzipata madukani. Yumo Willy Gamba wa Elvis Musiba, kwa kijana anayetaka mbio na risasi; aanzie hapo, hakuna ubaya. Imo Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kitereza naye yumo, na ndiye aliyeniuma zaidi kumtoa. Mama watoto amefurahi kuliko ninyi nyote: atapata pa kuweka kochi.

Najua kuna watakaosema tusubiri kwanza madawati yatoshe. Madawati tuendelee kuyachangia. Lakini mtoto aliyeketi kwenye dawati zuri bila cha kusoma, tumemkalisha tu.

Fomu za ahadi ziko mezani kwenu. Mwenye fedha aandike kiasi, mwenye riwaya kabatini aandike jina lake na la kitabu.