Nguo Alizozishona Dorkasi

Leo tungependa kuzungumza juu ya gunia lile linalowekwa mlangoni mwa kanisa, ili tutie humo nguo za kuwasaidia wakimbizi. Ni kazi njema. Lakini hebu tujiulize: twatia nini ndani yake?

Mwaka wa 1991 nchi yetu ilianza kuwapokea ndugu wa Somalia kule Dadaab. Mwaka wa 1992 vijana wengi wa kusini mwa Sudan walifika Kakuma, katika Turkana. Baadaye wakaja wa Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko. Wengi walivuka mpaka na nguo zile zile walizovaa. Lakini tusisahau kwamba kule kwao mtu huyo alikuwa mwalimu, au fundi, au mama mwenye nyumba na sanduku lake la nguo. Amepoteza nyumba, hakupoteza heshima yake.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, twasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha nguo alizowashonea. Nguo zenyewe zilimshuhudia. Je, hizi tunazotoa sisi, kuna mjane atakayeona fahari kumwonyesha Petro?

Shati lisilo na kifungo hata kimoja, kaptura iliyotoboka, kiatu kisicho na mwenzake: tukivitoa hivyo, hatujatoa sadaka, tumesafisha kabati letu tu. Taka zetu tumemtwika mwenye shida, naye huona wazi kipimo tulichompimia.

Basi, na tufue nguo hizo, tuzianike juani zikauke kabisa, maana moja yenye unyevu huweza kuleta kuvu katika gunia zima. Tushone vifungo. Viatu tuvifunge jozi jozi kwa kamba. Tutenge nguo za watoto, za akina mama na za wanaume, kisha tuandike nje ya gunia kilichomo. Tena tumfikirie atakayevaa. Kakuma kuna joto kali na vumbi. Koti zito la Limuru halitamfaa mtu wa huko. Akina mama wengi wa Dadaab ni Waislamu. Gauni refu na leso vitawasitiri, bali sketi fupi haitawasaidia.

Ndugu msikilizaji, jioni hii fungua sanduku lako. Tafuta nguo ambayo wewe mwenyewe ungeivaa Jumapili mbele za watu bila kuona haya. Hiyo ndiyo ya kutia guniani.

Ee Bwana, wewe uliyekimbizwa Misri ungali mtoto mchanga, utufundishe kuwavika wageni wetu kama tunaokuvika wewe. Amina.