Tuketi Pamoja Kabla Neno Halijaharibika



Kamati iliniagiza niseme juu ya maendeleo ya nchi. Jambo hilo ni pana kama bahari, nami sina chombo cha kuivuka. Basi nitashika neno moja tu: viongozi wa kazi mbalimbali wafanyeje ili waitazame kesho ya nchi yao kwa pamoja, kabla ya kuamua na kabla ya kugombana.

Mtaniruhusu nianze na kisa kidogo cha kazini. Nilipokuwa karani katika ofisi moja ya wilaya, lilijengwa soko jipya. Mhandisi alitimiza kazi yake, mtunza fedha alilipa sawasawa, nami niliandika barua zote pasipo kosa. Masika ilipoingia, magari ya mizigo hayakuweza kufika, maana njia ya soko ilipita bondeni penye matope. Akina mama wauza mboga walilijua bonde lile tangu utoto wao, wala hakuna aliyewauliza. Kila mmoja wetu alifanya kazi yake vema, na kazi yote ikaharibika. Niliona haya, kwa kuwa orodha ya walioalikwa mkutanoni niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Kosa la soko hugharimu fedha. Kosa la nchi nzima hugharimu damu. Kwa hiyo nawaomba tuitazame Afrika ya Kusini, ambako watu waliogopa kosa la namna hiyo. Mwezi wa Februari 1990 serikali ya F. W. de Klerk iliviondolea vyama vya Waafrika marufuku, na Nelson Mandela akatoka kifungoni. Lakini kufunguliwa mlango si kufika safari. Weusi na weupe hawakuaminiana, watu waliuawa mijini na mashambani, wala hapakuwa na ajuaye mambo yangeishia wapi.

Wakati huo, katika miaka ya 1991 na 1992, watu 22 walikutana mara kadhaa mahali paitwapo Mont Fleur, karibu na mji wa Stellenbosch. Walikuwamo watu wa siasa, wa vyama vya wafanyakazi, wa biashara na wa vyuo vikuu, weusi kwa weupe. Aliyewaongoza katika mazungumzo ni Adam Kahane, mtu wa kampuni ya mafuta ya Shell. Wengine kati yao walikuwa mahasimu wa miaka mingi. Hawakuja kupatana mkataba, maana kazi hiyo ilikuwa na baraza lake, nalo lilianza Desemba 1991. Wao walijiwekea sharti moja: mtu asiseme analolitaka, bali aseme linaloweza kutokea, na sababu yake.

Angalieni hekima ya sharti hilo. Mtu akisema alitakalo, jirani yake hujiandaa kumpinga. Akisema liwezalo kutokea, jirani huuliza, "Na baada ya hapo?" Hapo wawili huwa wanatazama njia moja.

Hadithi zao zilikuwa nyingi, wakazichuja hata zikabaki 4, na kila moja wakaipa jina la kitu kirukacho, au kishindwacho kuruka. Ya kwanza ni Mbuni: serikali ya weupe yaficha kichwa mchangani na kukataa mapatano ya kweli. Ya pili ni bata aliyevunjika bawa: mapatano yapo, lakini serikali mpya imefungwa kwa masharti mengi hata haiwezi kukata shauri lo lote. Ya tatu ni Ikaro, yule wa hadithi za Wayunani aliyeruka kwa mabawa ya nta hata jua likayayeyusha: serikali inayopendwa na watu yatumia fedha pasipo hesabu, kisha yaanguka. Ya nne ni heroe, ndege wa rangi ya waridi tunaowajua katika ziwa la Natron na la Nakuru. Heroe huinuka polepole, lakini huinuka pamoja.

Hadithi hizo zilitolewa gazetini mwaka 1992, zikasomwa mbele ya wakubwa na wadogo. De Klerk alinukuliwa akisema kwamba yeye si mbuni. Trevor Manuel, aliyekuwa mmoja wa wale 22, alipewa wizara ya fedha mwaka 1996, na Tito Mboweni akawa gavana wa benki kuu mwaka 1999. Hofu ya kuanguka kama Ikaro ilionekana katika uangalifu wao wa fedha.

Lakini nisiwapambie. Vyama vya wafanyakazi vililalamika kwamba uangalifu ule ulizidi, na maskini wakangoja mno. Hata mwaka 2023, zaidi ya watu 30 katika kila 100 wa kufanya kazi walikosa kazi. Heroe wote hawakuinuka. Kuketi pamoja hakumalizi shida. Huzuia tu watu wasitumbukie shimoni huku kila mmoja akimlaumu mwenzake.

Je, haya yatuhusu nini sisi makarani? Yatuhusu sana. Mwaka 1922, kule Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali, wakawakusanya Waislamu na Wakristo chini ya dari moja. Hawakungoja mkubwa awaagize.

Basi naleta shauri hili. Mara moja katika kila miezi mitatu, chama chetu kialike mkulima, mfanya biashara, mwalimu, mganga, shehe na padre, na akina mama wa sokoni wasisahauliwe. Tusiwaulize wanataka nini. Tuwaulize wanaona nini kinakuja. Nasi tuliofundishwa kuandika tuandike maneno yao kama walivyoyasema, pasipo kuyanyosha yawapendeze wakubwa.

Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno. Lakini wengi hao hawaji wenyewe, huitwa. Na kalamu inayoandika majina yao, wenzangu, i mikononi mwetu.