Magonjwa Mawili Juu ya Godoro Moja

(Mazungumzo yaliyotolewa redioni. Somo: Marko 2:1–12)

 

Somo letu la leo mnalijua. Watu wanne walimchukua mwenye kupooza wampeleke kwa Yesu kule Kapernaumu. Mlango umejaa watu, hakuna pa kupita. Wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamshusha na godoro lake. Mara nyingi tukisoma habari hii huitazama ile dari. Leo twawaomba mtazame jambo lingine. Mtu yule alikuwa na shida mbili. Ya kwanza kila mtu aliiona: viungo vyake vilikuwa vimekufa. Ya pili ilikuwa ndani, na Bwana aliigusa hiyo kwanza. Lakini hakumrudisha nyumbani akamalize shida moja ndipo aje na ya pili. Alizipokea zote mbili siku ile ile, mahali pale pale.

Basi leo tunataka kusema juu ya wagonjwa wa namna hiyo walio kati yetu hapa kisiwani Mombasa. Ni wale wenye ugonjwa mzito wa mapafu, nao papo hapo wamefungwa na unga. Hatusemi unga wa sima. Twasema heroini, ile iuzwayo kwa kete, ambayo imewafanya watoto wetu waitwe mateja.

Unga huu haukuota katika shamba la mtu yeyote wa Pwani. Huletwa kwa njia ya bahari, kutoka upande wa Asia. Mwezi wa Aprili 2014, manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilikamata jahazi mashariki ya Mombasa, na ndani yake mlikuwa na kilo 1,032 za heroini. Bahari ile ile iliyowaletea babu zetu tende na mazulia imetuletea na hili. Kutoka Kibokoni hata Mwembe Tayari, ni nyumba chache zisizojua habari zake.

Sasa, unga unapoingia mwilini hufanya nini kifuani? Katika shina la ubongo Mungu ameweka mahali panaposimamia pumzi. Wewe unalala usingizi, lakini pale pako macho, pakihimiza kifua kipande na kushuka. Unga, kama dawa zote za jamii ya afyuni, hupatuliza mahali pale. Pumzi huwa chache na fupi. Mtu mzima wa afya akizidisha, aweza kuacha kupumua kabisa. Je, itakuwaje kwa mtu ambaye mapafu yake yamekwisha kujaa maji ya nimonia, au yameliwa na kifua kikuu? Huyo alihitaji kupumua zaidi, na unga wamwamuru apumue kidogo.

Tena kuna hila nyingine. Afyuni hutuliza kikohozi. Ndiyo sababu kodeini, iliyo ndugu yake, imetiwa katika dawa za kikohozi miaka mingi. Kikohozi ni kengele ya mwili. Mtumiaji wa unga kengele yake yaweza kuzibwa, na makohozi yakabaki mapafuni. Jasho la usiku na kukonda, zilizo dalili za kifua kikuu, yeye husema ni arosto tu. Na maskani yenyewe mara nyingi ni chumba kimoja chenye hewa iliyofungwa, watu saba au wanane wakivuta pamoja. Kifua kikuu husafiri kwa hewa. Hakiulizi nani kavuta na nani kaketi tu.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja. Hatumpi jina, maana walio kama yeye ni wengi. Mama yake amemfikisha hospitalini, hawezi kusema maneno matatu bila kutweta. Daktari anamuuliza, "Unatumia kitu chochote?" Kijana anamtazama mama, anajibu, "La, daktari." Anawekewa oksijeni, anapewa sindano. Mpaka hapo ni vema. Lakini baada ya saa 6 hadi 12 tangu kete yake ya mwisho, arosto inaanza. Machozi, kamasi, jasho, mifupa kuuma, kutapika, kuhara. Usiku wa manane anamwambia mama, "Mama, niwie radhi, siwezi." Mama anamsihi, "Mwanangu, ngoja hata kukuche." Hangoji. Anaivua ile oksijeni na kutoka. Asubuhi watu wanasema kwamba hataki kupona.

Ndugu zetu, si kwamba hataki kupona. Ana magonjwa mawili, na ni mmoja tu uliotibiwa. Arosto peke yake ni nadra kuua, lakini humtoa mgonjwa kitandani, na nimonia ikapata nafasi ya kumaliza kazi yake. Daktari angeambiwa kweli, ziko dawa za kuituliza arosto hiyo ili mtu abaki.

Kuna dawa iitwayo methadoni. Nayo ni ya jamii ya afyuni, lakini hunywewa kwa kipimo kila siku mbele ya mhudumu, na humwondolea mtu arosto bila kumlevya, akapata akili ya kufanya kazi na kulea watoto. Kenya ilianza kuitoa katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi mwaka 2015. Mwaka 2017 ikafika Kisauni, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Upande huo huo ndiko ilikoanzishwa Frere Town mwaka 1875, makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Na wale nao hawakuambiwa wajifungue minyororo kwanza ndipo wapokewe.

Lakini sikieni neno hili, maana si wengi walijuao. Mtu anayekunywa methadoni akipatikana na kifua kikuu hupewa dawa za miezi 6 kwa kawaida, na mojawapo ni rifampisini. Rifampisini huliamsha ini, likaisaga methadoni upesi kuliko kwanza. Katika wiki ya kwanza au ya pili arosto humrudia, ingawa kipimo chake hakikupungua. Yeye huona kwamba vidonge vya kifua ndivyo vinavyomtesa, akaviacha. Ugonjwa ukarudi, tena wakati mwingine ukiwa sugu kwa dawa. Dawa ya jambo hili ni nyepesi: kliniki ya kifua na kliniki ya methadoni ziambiane habari, na kipimo kiongezwe na mganga. Nayo miezi ile ikiisha na rifampisini ikakoma, kipimo kipunguzwe tena kwa uangalizi, maana ini hurudi katika mwendo wake wa kwanza, na kile kilichomtosha jana chaweza kumzidia kesho.

Mnaikumbuka korona. Tarehe 6 Mei 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kufungwa kwa Mji wa Kale wa Mombasa pamoja na Eastleigh kule Nairobi: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Vizuizi vikakaa mpaka mapema Juni. Kwa wengi ilikuwa taabu ya riziki. Kwa mwenye dawa ya kila siku iliyo ng'ambo ya daraja, kizuizi kilikuwa jambo la uzima. Na huko Marekani, uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliougua korona, wenye uraibu wa vileo na madawa walikufa 9.6 katika kila 100, na wasio na uraibu 6.6. Mapafu, moyo na uraibu havikai vyumba mbalimbali. Vinakaa katika mwili mmoja.

Basi turudi kwa wale watu wanne. Godoro lilikuwa na pembe nne, na kila pembe ilikuwa na mshikaji.

Pembe ya kwanza ni kumpeleka mapema. Anayekohoa, anayekonda, anayetoka jasho usiku, apelekwe akapimwe. Kupima na kutibu kifua kikuu katika hospitali za serikali hakutozwi fedha. Msisubiri kwanza aache unga.

Pembe ya pili ni kusema kweli. Mama, baba, daktari akiuliza, jibuni. Aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko matanga. Mtajieni unga, methadoni, pombe na tembe za usingizi, maana hivi vikichanganyika hukata pumzi upesi zaidi.

Pembe ya tatu ni kukaa naye usiku ule wa arosto. Mwiteni muuguzi kabla hajasimama kuondoka. Mtu akiwa na wa kumshika mkono, mara nyingi hungoja kukuche.

Pembe ya nne ni kulinda pumzi yake nyumbani. Mkimkuta anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, haamki mkimtikisa, midomo imekuwa ya kijivu, huo si usingizi. Iteni msaada mara moja. Kama hapumui, mpulizieni pumzi. Akiwa anapumua, mlazeni ubavu. Iko dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudisha, na wahudumu wanaijua.

Kisiwani mwetu kazi hii ina wenyewe wa siku nyingi. MEWA, jumuiya ya majirani zetu Waislamu, na Reachout Centre Trust wamewafuata vijana hawa hata maskani. Usharika unaotaka kuanza usione haya kwenda kuuliza njia. Wale wanne wa Kapernaumu hatuambiwi walikuwa wa ukoo mmoja. Twaambiwa walibeba pamoja.

Na kuna watu wengine katika habari ile ambao hatuwasemi sana, nao ni wale waliojaa mlangoni. Hawakuwa watu wabaya. Walikuja kusikiliza Neno. Lakini migongo yao ndiyo iliyomfungia mgonjwa njia. Jumapili hii, teja akisimama kwenye ukumbi wa kanisa akikohoa, jambo litakaloamua maisha yake laweza kuwa dogo sana: mtu mmoja kugeuka, kufungua dirisha hewa ipite, na kumwambia, "Karibu, mwanangu. Kesho asubuhi tutakwenda pamoja kupima hicho kifua."

Tuombe. Ee Bwana, uliyempulizia mwanadamu pumzi ya uhai, uwakumbuke wote ambao usiku huu pumzi yao ni fupi. Utupe mikono ya kushika pembe tuliyopewa. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena katika kipindi hiki, kwaherini.