Mzazi na Miguu Yake

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo

Kaeni vizuri. Mwenye daftari alifungue, na mwenye penseli aichonge. Leo tutasoma habari za kutembea kwa miguu. Tena tutapiga hesabu kidogo, kwa hiyo mwalimu aweke chaki karibu.

Najua huko Newala yupo mmoja wenu anayecheka. Anasema, "Kutembea nako kwahitaji somo? Mimi natembea tangu nilipoachishwa ziwa." Ni kweli. Watu wa uwanda wa Makonde hawakufundishwa kutembea na redio. Lakini nisikilizeni, maana jambo lenyewe limegeuka.

SAFARI YA MAJI

Mnajua kuwa juu ya uwanda huu hakuna mto. Mvua ikinyesha, udongo wa kichanga huinywa, na maji hutokea chini bondeni, katika chemchemi. Kwa hiyo zamani mtu wa Newala aliyetaka maji ilimpasa kuteremka genge, kisha kulipanda tena na mzigo kichwani. Na mtu huyo alikuwa mwanamke. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Karl Weule, alikaa Newala mwaka 1906, naye aliandika habari za taabu hiyo ya maji. Katika miaka ya 1950 ziliwekwa mashine za kusukuma maji kuyapandisha juu. Katika miaka ya 1970 Serikali, ikisaidiwa na Ufini, ilifanya kazi kubwa ya maji ya vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Hata hivyo, bomba likikauka, ndoo hurudi kichwani.

Hapa nataka tuelewane mapema. Hakuna anayewaambia akina mama warudi kwenye genge. Safari ile ilikuwa ya shida. Ilichosha mwili, ilikula siku, na ilimpa binti ndoo mahali pa kitabu. Bomba ni neema. Pikipiki nayo ni neema. Mwulizeni mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, zahanati iko mbali. Lakini shida ile, ilipoondoka, iliondoka na kitu kimoja kilichoufaa mwili. Kitu hicho ni mwendo wa kila siku. Somo la leo lasema hivi: zamani tulitembea kwa kulazimishwa, sasa yatupasa kutembea kwa kupenda, na mzazi ndiye wa kuanza.

MARADHI YASIYO NA MDUDU

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, kama mlivyokaa ninyi leo, wakasikiliza redio na kusoma pamoja. Walijifunza kujikinga na malaria, minyoo, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Kila ugonjwa katika hiyo una mdudu wake au kijidudu chake. Walifukia madimbwi, wakachimba vyoo, na maradhi yakapata adui.

Maradhi hayo hayajatuacha. Lakini yamekuja mengine yasiyo na mbu wala mnyoo. Ni kisukari na shinikizo la damu. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kuwa katika kila watu 100, wapatao 9 walikuwa na kisukari, na wapatao 26 walikuwa na shinikizo la damu. Hesabuni watu mliomo darasani, mkapime wenyewe uzito wa habari hiyo. Tena wengi wenye maradhi haya hawajijui, kwa sababu mwanzoni hayaumi.

Kutembea kunasaidiaje? Chakula tulacho, mathalani ugali wa muhogo, hugeuka sukari ndani ya damu. Misuli ya miguu ndiyo mikubwa kuliko misuli mingine mwilini. Ikifanya kazi, huichukua sukari hiyo na kuitumia, kama moto unavyokula kuni. Ikikaa bure, sukari hubaki katika damu na kuiharibu mishipa, macho, figo na miguu yenyewe. Moyo nao ni msuli. Ukizoeshwa kazi hupata nguvu, na mishipa hulegea, na damu hupita bila kusukumwa kwa nguvu nyingi.

Jambo hili liligunduliwa kwa njia nyepesi. Huko London, Uingereza, daktari Jerry Morris na wenzake waliwachunguza watu wa mabasi ya ghorofa. Katika kila basi walikuwamo wawili: dereva na kondakta. Dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Basi lilikuwa moja na barabara moja. Lakini madereva waliugua moyo kuliko makondakta. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1953, na tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wameona vivyo hivyo.

SOMO HILI NI LA NANI?

Si la kila mtu sawasawa. Mama anayekwenda shamba kwa jembe, akapalilia mikorosho, akarudi na kuni, akatwanga, huyo amekwisha kutembea. Hatumwongezei hata hatua moja. Yeye anahitaji kupumzika, na anahitaji mtu wa kumpokea mzigo.

Somo hili ni la mwenye duka, anayekaa nyuma ya meza toka asubuhi mpaka jioni. Ni la karani na la fundi cherehani. Ni la mwendesha bodaboda, ambaye huzunguka Newala yote lakini miguu yake haikanyagi chini; huyo ni dereva wa basi la London. Ni la baba ambaye korosho zikiuzwa hununua pikipiki, na tangu siku hiyo hata kwa jirani huenda kwa pikipiki.

Na hapa pana neno la kusema waziwazi. Watu wengi wanaacha kutembea kwa sababu ya aibu, wala si kwa sababu ya uchovu. Mtu mzima akionekana kwa miguu, watu husema, "Yule hana nauli." Basi kumbukeni mwezi wa Oktoba 1967. Rais Julius Nyerere, akiwa na umri wa miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, maili zipatazo 138, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Je, Rais alikosa gari? Kutembea hakumpunguzii mtu heshima.

TUPIGE HESABU

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limesema kuwa mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuchangamka. Mama mjamzito naye, kama mganga hakumkataza, ahesabu hizo hizo. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate dakika 60 kila siku.

Mwendo wa kuchangamka ni upi? Ni ule ambao waweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba.

Sasa tuseme yupo baba mwenye duka sokoni. Ana mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu, andika ubaoni:

Nyumbani hadi shule: dakika 12.
Shule hadi dukani: dakika 8.
Jumla ya asubuhi: dakika 20.
Kwa siku 5: 20 mara 5 ni dakika 100.

Jioni baba afunga duka, arudi nyumbani kwa miguu:

Dukani hadi nyumbani: dakika 10.
Kwa siku 5: 10 mara 5 ni dakika 50.

Jumlisheni: 100 na 50.

(Mwalimu asubiri wanafunzi wapate jibu.)

Mmepata 150. Baba huyu hakununua kitu, wala hakutafuta saa nyingine katika siku yake. Shule alikuwa aende na duka alikuwa aende. Ametumia tu safari alizokuwa nazo. Haba na haba hujaza kibaba.

Na mtoto je? Kwenda shule dakika 12 na kurudi 12 ni dakika 24. Toa 24 katika 60, zimebaki 36. Hizo atazipata kwa mpira, rede na kuruka kamba, kama hukumwita akae ndani.

NJIA TANO

Sasa nitawapa njia tano. Kila mtu achague moja au mbili zinazomfaa.

Kwanza, mpeleke mtoto shule kwa miguu. Mwendo wa pamoja ni wakati wa mazungumzo. Mtoto akitazamwa usoni na kuulizwa hunyamaza, lakini akitembea ubavuni pako husema mwenyewe. Utajua nani anampiga, somo gani linamshinda, na kwa nini daftari halionekani.

Pili, ukipanda bodaboda, shuka kabla ya kufika. Mwambie kijana akuache mwendo wa dakika 10 kutoka unakokwenda. Huenda hata nauli ikapungua.

Tatu, tembea baada ya kula. Dakika 10 au 15 baada ya chakula cha jioni, wakati sukari inaingia katika damu, zafaa kuliko kulala papo hapo. Zungukeni nyumba za jirani, wasalimuni wazee na kuwaamkia. Watoto watajifunza adabu.

Nne, usimwache mtoto mchanga awe sababu ya kukaa. Mfunge mgongoni kwa mbeleko. Hapa nawaambia akina baba: mbeleko haichagui mgongo. Mama apike au apumzike, baba atembee na mtoto. Asiyetaka mbeleko na amchukue begani.

Tano, siku ya mapumziko fanyeni matembezi ya jamaa nzima. Ninyi wa Newala mnapo Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda. Mkisimama pale mnaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Waonyesheni watoto genge ambalo bibi zao walilipanda na maji kichwani. Watasoma historia kwa macho. Lakini washikeni mikono, maana ukingo ni mkali.

Wenzenu wa Masasi nao wana milima ya mawe ya kuizunguka, wasije wakasema tumewasahau.

MAMBO YA KUANGALIA

Barabarani. Mahali pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembea upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja mbele yako. Mtoto akae upande wa nje, mbali na magari, nawe umshike mkono. Magizani vaa nguo nyeupe au ya rangi iliyo wazi.

Jua. Mchanga wa mchana huchoma, na mwendo wa mchangani ni mzito. Tembea asubuhi au jioni, na unywe maji.

Miguu. Mwenye kisukari asitembee pekupeku. Jioni aikague miguu yake, hata katikati ya vidole, maana aweza kupata kidonda asikisikie. Mwenye dawa za sukari amwulize mganga kabla hajaongeza mwendo.

Kifua. Ukitembea ukasikia kifua kinabana, au pumzi inakatika, au kizunguzungu, simama, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Tena kutembea si badala ya dawa. Aliyepewa vidonge vya shinikizo la damu aendelee kuvimeza. Na kila mwenye miaka 40 na zaidi, akipita zahanati, aombe kupimwa. Dakika chache tu atajijua.

NENO LA MWISHO

Ndugu wazazi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliyezoea kuona baba anawasha pikipiki kwenda kununua chumvi atajua kuwa miguu ni ya maskini. Mtoto aliyetembea na baba yake atajua kuwa miguu ni mali. Bibi zetu walitumia miguu yao kutuletea maji, wakatuokoa na kiu. Sisi hatudaiwi mtungi. Tunadaiwa kuishi hata tuwaone wajukuu, na kutowaachia watoto wetu kazi ya kutuuguza kabla ya wakati.

KAZI YA NYUMBANI

Wiki hii kila mwanafunzi aandike katika daftari lake siku 7, toka Jumatatu hadi Jumapili. Mbele ya kila siku aandike dakika alizotembea. Mwisho ajumlishe. Asiye na saa na amwombe mtoto wake amsaidie kwa saa ya simu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Safari zipi zenu za kila siku mwaweza kuzifanya kwa miguu?
2. Nyumbani kwenu nani anatembea mno, na nani hatembei? Mzigo ugawanywe vipi?
3. Kwa nini madereva wa London waliugua kuliko makondakta?
4. Njia gani ya kwenda shule ina hatari kwa watoto, na kijiji au mtaa wenu waweza kufanya nini?

Katika swali la pili, mwalimu awaache akina mama waseme kwanza.

Mkitoka sasa darasani, rudini nyumbani kwa miguu, wawili wawili, mkijibu swali la kwanza njiani. Kwaherini, ndugu wanafunzi.