Maumivu ya Ghafla ya Mguu Yasingoje Asubuhi

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa kamati za sharika)



Mzee mmoja wa kanisa katika usharika wetu alishikwa na maumivu makali ya mguu usiku. Tulidhani ni baridi yabisi. Tulimchua kwa mafuta, tukamkanda kwa maji ya moto, tukangoja kuche. Alipofika hospitali mguu ulikuwa umekwisha kufa, ukakatwa juu ya goti.

Mara nyingi chanzo kiko kwenye moyo. Moyo ukipiga bila mpangilio, au vali zake zikiwa zimeharibiwa na homa ya rumatiki tangu utotoni, damu huweza kuganda humo. Bonge likichomoka husafiri na kuziba ateri ya mguu au mkono. Misuli ikikosa damu kabisa huanza kufa baada ya saa 6 hivi.

Linganisheni miguu yote miwili. Mguu wenye hatari huuma ghafla, huwa wa baridi, unyayo na kucha hupauka, na mapigo ya mshipa hayasikiki kwenye kifundo. Ganzi na vidole kushindwa kusogea ni ishara kwamba muda unakwisha.

Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto, hasa baada ya kujifungua, kupasuliwa au kulazwa muda mrefu, huenda damu imeganda kwenye vena. Huo nao usichuliwe, kwani bonge laweza kwenda mapafuni. Mgonjwa awahishwe hospitali.

Mguu uliopoa usikandwe kwa moto, usichuliwe, usifungwe kamba wala usiinuliwe juu. Mfunikeni mgonjwa kwa shuka, mkimbie hospitali yenye daktari wa upasuaji, na mseme saa maumivu yalipoanza. Heparini huzuia bonge lisikue. Tangu miaka ya 1960 madaktari wanaweza kulivuta kwa mpira mwembamba wenye puto nchani, uliobuniwa na Mmarekani Thomas Fogarty. Lakini mguu uliokwisha kufa haurudishwi.

Kwa hiyo tunaomba kila usharika uwe na jina na simu ya mwenye gari anayekubali kuamshwa usiku, na akiba ya mafuta isiyotumika kwa jambo jingine. Wafadhili wetu, tusaidieni kuanzisha akiba hiyo. Usiku ule gari lilikuwepo jirani. Hakuna aliyekwenda kugonga mlango.