Mapatano Huanza Kabla ya Kuketi Mezani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Sikuja kuwafundisha, maana masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni tu. Nimekuja kuwaeleza kosa langu, ili ninyi msilifanye.

Kabla sijaingia kazi ya reli nilikuwa katibu wa kamati ya wafanya kazi mahali pengine. Tulikwenda kwa tajiri na mambo manne. Orodha aliiandika yeye, nasi tukaipokea. Mshahara ulikuwa wa kwanza, vibarua wa mwisho. Siku mbili tulivutana juu ya mshahara. Siku ya tatu jioni, tulipofika kwa vibarua, tulikuwa tumechoka. Tajiri akasema, “Hilo tutalitazama baadaye.” Tukakubali, wala sikuandika neno lile. Baada ya miezi michache vibarua walifukuzwa. Mmoja wao akaniuliza, “Katika karatasi mliyotia sahihi, mimi niko mstari gani?” Sikuwa na jibu.

Basi ndugu, tajiri hakutushinda kwa hoja. Alitushinda kwa mpango wa mazungumzo.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwezi wa Oktoba 1962 Serikali ya Kenya, chama cha matajiri na Kenya Federation of Labour walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Kazi. Tom Mboya alikuwa Waziri wa Kazi. Mkataba ule ulitengeneza njia: jinsi ya kutambua chama, kupeleka malalamiko na kumaliza ugomvi. Walipatana kwanza namna ya kupatana.

Leo iko Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007. Tajiri aliyekitambua chama lazima akipe habari zinazohitajika katika majadiliano, na mapatano lazima yaandikwe na kuandikishwa kortini. Lakini korti huandikisha yaliyo katika karatasi. Ahadi ya mdomo haimo.

Kwa hiyo tukienda tena, tufanye hivi. Kwanza, orodha iandikwe na pande zote mbili, na jambo la wanyonge lisiwekwe mwisho. Pili, hesabu za kazi tuziombe mapema. Tatu, kila jioni maneno ya siku yasomwe na kutiwa sahihi. Nne, kabla ya sahihi ya mwisho, wajumbe warudi kwenu.

Nanyi msituharakishe. Afadhali tuchelewe wiki moja kuliko kumwacha mwenzetu nje ya karatasi.